Waya wa Chumba cha Uani

Babu yangu aliivutia nyumba yake umeme nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, wakati nyumba nyingi za mtaani kwetu Ifakara zilikuwa za koroboi. Alikuwa mwashi. Aliteremka kutoka upande wa Mahenge kuja kujenga majengo ya misheni, akabaki, akajijengea na ya kwake kwa tofali za kuchoma. Mbele palikuwa na ukumbi, vyumba na baraza pana. Nyuma, uani, palikuwa na jiko na chumba kimoja kilichosimama peke yake.

Waya mbili zilitoka kwenye nguzo ya barabarani, zikapita juu ya mpera, zikafungwa kwenye chuma kilichochomekwa ukutani chini ya bati. Hapo ziliingia ndani kwa tundu, zikashuka hadi kwenye mita. Kando ya mita palikuwa na swichi kubwa nyeusi na fyuzi za kaure ambazo babu alizifunga mwenyewe kila zilipoungua. Masika maji yalizifuata zile waya hadi ndani, na jirani akipiga pasi taa zetu zilififia. Hakuna aliyelalamika. Kutoka kwenye swichi ile babu alivuta waya mmoja mrefu, akaupitisha juu ya ua hadi chumba cha nyuma, akaning'iniza taa moja katikati ya dari. Chumba hicho kilikuwa cha bibi.

Bibi alikuwa haoni. Usubi ulimla macho kidogo kidogo tangu ujana wake, huko kwenye mito ya kwao, na kufikia wakati ninaoukumbuka vizuri mboni zake zilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Lakini kuna kitu kimoja alikuwa bado anakiona, na nilikijua mimi kwa sababu ndimi niliyeishi naye. Babu na baba yangu walikuwa wamefariki, mama ameolewa kwingine, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea. Nilimpikia bibi, nikamwogesha, nikalala chumba kimoja naye. Kila jioni alinitaka niwashe taa, kisha aliketi chini yake kwenye kitanda chake cha kamba na kuinua uso.

Nilimwuliza anaona nini. Akasema anaona doa la njano, kama ute wa yai uliomwagika, na akigeuza kichwa doa linahama.

"Jua naliona pia," aliniambia, "lakini jua ni kubwa, limeenea kote, halina umbo. Hii ina umbo."

Alikaa hivyo mpaka chakula kilipoiva, na baada ya kula alirudi kuiangalia mpaka tukalala. Sijawahi kumwona mtu akiangalia kitu kwa uchoyo kama ule.

Baba mdogo, mwanawe wa kiume pekee aliyebaki hai, alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya mashamba ya miwa. Kwenye miaka ya tisini watu walipunguzwa kazi huko, naye akawa mmoja wao. Alirudi nyumbani na mke, watoto, makabati na hasira. Huko kwenye miwa alikuwa mnyapara. Watu wa mikoa yote walimwamkia na kumkimbilia. Ifakara alikuwa mtu mzima anayekaa kwenye baraza ya mama yake. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kukosa kazi. Hakukaa muda mrefu kabla ya kutangaza kwamba kiinua mgongo chake atakitia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mashine hiyo itakaa hapohapo barazani.

Mashine ilihitaji fezi tatu. Waya mbili za babu zisingeweza hata kuizungusha mota. Kwa hiyo ilibidi kubadilisha kila kitu tangu nguzoni: waya nene, chuma kipya ukutani, mita mpya, swichi mpya. Watu wa umeme walisema hawataunganisha laini mpya kwenye nyaya za ndani zilizochakaa. Baba mdogo akamleta fundi wake, mwenzake wa karakana aliyepunguzwa naye siku moja, mtu mrefu mwenye kucheka sana, ili afumue nyaya zote za zamani na kuweka mpya.

Bibi aliulizwa kama anavyoulizwa mtu ambaye jibu lake halingojewi. Alisema nyumba ni ya marehemu, na marehemu alipenda kujenga, basi na wajenge. Aliomba kitu kimoja tu: wasisahau taa yake.

Walifumua kwa muda wa wiki nzima hivi. Nilipoona vyumba vya mbele vimepata nyaya mpya hadi kwenye stoo, na hakuna anayeangalia upande wa uani, nilimwendea baba mdogo. Nilimwamkia, nikamwuliza chumba cha bibi kitafanywa lini. Akanijibu kwamba hakitafanywa. Waya uliokuwa ukipita juu ya ua ni wa zamani, ni hatari, na waya mpya umekwisha. Nikamwambia kwamba nimeona roli la waya limebaki stoo. Akaniambia hilo ni la mashine.

"Na isitoshe," alisema, "mama haoni. Kipofu taa ya nini?"

Nikamweleza habari ya lile doa. Nilieleza vibaya, kwa sababu nilikuwa na woga, na kwa sababu ni jambo gumu kulieleza mbele ya wanaume waliosimama na koleo mikononi. Mke wake, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, alisema wazee wana mambo. Fundi akacheka. Ndipo baba mdogo akasema tusibishane, kitu hiki kinapimika.

Alikwenda ndani akaleta tochi. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Aliniagiza nimlete bibi barazani, nikamleta nikidhani anataka kuzungumza naye. Alimketisha kwenye kiti kinachotazama barabara. Palikuwa na wateja wawili watarajiwa kutoka Mchombe waliokuja kuulizia mashine itaanza lini. Nao wakasogea kuona. Baba mdogo akapiga magoti mbele ya mama yake, kwa upole kabisa, akamwelekezea tochi machoni.

"Mama, sasa? Inawaka au imezimwa?"

Bibi hakuelewa mara moja anaulizwa nini. Alipoelewa, alikaa wima, akainua uso kama alivyouinua jioni chini ya taa yake. Akasema inawaka. Ilikuwa imezimwa. Fundi akaangua kicheko, na mmoja wa wale wa Mchombe akacheka naye kwa kumfuata. Baba mdogo akaiwasha.

"Na sasa?"

"Imezimwa," akasema bibi.

Wakacheka wote. Akamwuliza tena na tena, na kila mara bibi alijibu haraka zaidi, kama mwanafunzi anayetaka kumridhisha mwalimu, akapatia, akakosa. Mke wa baba mdogo aliacha kupepeta ili asipitwe. Fundi alisema, "Bosi, tusipoteze waya," na huo ukawa ndio uamuzi.

Bibi alivuta kanga yake kichwani akaifunga upya. Ndipo alipogundua, kwa joto la jua usoni mwake, mahali alipokuwa amekalishwa.

"Umeniwashia tochi juani," alisema.

Wanaume walikuwa wamesharudi kwenye ngazi.

Laini mpya ilikuja. Nguzo yetu ilipandwa na watu wenye viatu vya miiba, waya nene zikavutwa, waya za babu zikateremshwa zikiwa na utando wa buibui na majani makavu ya mpera. Fundi alihitaji kuzika fimbo ya shaba ardhini, ile inayopokea umeme ukikosea njia, na akatafuta mahali penye unyevu. Alipata mlangoni kwa bibi, mahali nilipokuwa nikimwaga maji yake ya kuogea. Akachimba shimo pale, akatia mkaa na chumvi, akaizika fimbo, akaniagiza niendelee kumwaga maji hapohapo, hasa kiangazi. Hivyo mashine na nyumba nzima zilikingwa na maji aliyoogea bibi, naye chumbani mwake hakuwa na hata waya mmoja.

Waya za zamani mke wa baba mdogo alizifunga kutoka kwenye mpera hadi kwenye nguzo ya jiko, zikawa kamba ya kuanikia nguo. Zilikatiza ua mzima. Hakumwambia bibi. Bibi alikuwa akitembea ua ule bila fimbo, maana aliujua kama kiganja chake, na asubuhi ya kwanza waya ulimpata shingoni akiwa anakwenda chooni. Ulimwangusha chali. Nilipomwinua nilikuta alama nyekundu kuanzia sikio moja hadi la pili. Nikaomba kamba ihamishwe. Mke wa baba mdogo akasema basi amezijua sasa, hatazigonga tena.

Jioni bibi alikaa kitandani kama kawaida, akainua uso. Nikawasha kibatari nikakiweka juu ya sanduku. Aligeuza kichwa huku na huku, akasema hakioni. Nikakisogeza mpaka kope zake zikataka kuungua. Akasema nikizime tu, tusimalize mafuta bure.

Mashine ilipokuwa tayari baba mdogo alifanya sherehe. Alimwita katekista aje kuibariki, akachinja kuku, akawaalika majirani na wakulima wa Katindiuka na kwingineko ambao alitaka walete mpunga wao kwake. Asubuhi ile alimletea bibi kitenge kipya, akaniagiza nimvishe vizuri, kwa sababu mama ndiye atakayeiwasha. Watu wangependa kuona hivyo.

Nilimshika mkono nikamfikisha barazani. Watu walimwamkia, naye akawaitikia mmoja mmoja. Katekista alisali, akanyunyiza maji. Baba mdogo alitoa hotuba fupi kuhusu wazazi na baraka zao, kisha akauchukua mkono wa bibi, akauweka juu ya kitufe cha kijani kilichokuwa ukutani.

"Bonyeza, mama."

Bibi aliuacha mkono palepale bila kubonyeza. Akageuza uso kuelekea waliko watu.

"Taa ya chumba changu mmeikata," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hii nikiwasha nitaona nini?"

Katekista aliangalia chini. Nilimwona baba mdogo akitabasamu, na tabasamu lile halikubadilika wakati alipoweka kidole chake juu ya kidole cha mama yake na kukigandamiza. Niliona kucha ya bibi ikibadilika rangi.

Mashine ilinguruma. Hakuna aliyekuwa amemweleza bibi jinsi inavyolia, na alikuwa amesimama karibu nayo kuliko sisi sote. Alirudi nyuma, akanigonga, tukaegemea ukuta pamoja. Watu walipiga makofi. Kisha wale wa mbele wakaona kwamba kitenge kipya kimelowa na maji yanatiririka sakafuni, na wengine wakacheka huku wameziba midomo.

Mke wa baba mdogo alinisogelea. "Mtoe," aliniambia sikioni. "Anatia aibu."

Nilimtoa. Nilimwogesha, nikayamwaga maji mlangoni juu ya ile fimbo. Bibi hakulia. Aliomba tu kitenge kile asivishwe tena.

Asubuhi iliyofuata baba mdogo alipita uani kwenda kuoga, na kama kila siku akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Bibi alikuwa anakunywa uji. Akaendelea kunywa. Baba mdogo akadhani hakusikia, akarudia. Bibi akaweka kikombe chini, akamgeuzia uso wake wote, mdomo umefungwa. Baba mdogo akaniambia, "Mwambie bibi yako nimemwamkia." Nami nikamwambia.

"Nimesikia," bibi alinijibu mimi.

Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo, na siku zilizofuata. Nimewajua watu waliogombana na wazazi wao kwa viwanja na kwa wanawake, lakini sijajua adhabu nyingine kama ile. Kila mtu mwingine bibi alimwitikia. Aliwaitikia wabeba magunia, wanawake waliozoa pumba, hata yule fundi, na marahaba zake alizivuta ndefu, akaongeza na baraka: Mungu akukuze, Mungu akupe watoto wenye adabu. Alitaka baba mdogo azisikie, naye alizisikia. Wakulima waliokuja kukoboa walizoea kupita uani kumwamkia mzee, na yeye aliwauliza habari za mashamba na watoto wao. Mwanawe akipita kati ya maneno hayo, bibi alinyamaza mpaka hatua zake zikaisha.

Mwanzoni baba mdogo alijifanya hajali. Kisha akaanza kuja mapema, kabla mashine haijawashwa, ili pasiwe na kelele za kusingizia. Alileta sukari, alileta sabuni ya kunukia. Bibi alinipa niwapelekee wanawake wa pumba. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akasimama mlangoni akapaza sauti.

"Mimi ni mwanao! Umenizaa mwenyewe!"

Bibi aligeuka upande wangu. "Nani anapiga kelele huko nje?"

Baba mdogo alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nilidhani ataingia ampige. Akaachia, akaondoka, na siku ile mashine haikufanya kazi mpaka mchana. Sikumhurumia. Leo naweza kusema kwamba alikuwa akikonda, na kwamba wateja walianza kunong'ona juu ya mtu asiyeitikiwa na mama yake. Wengine waliupeleka mpunga wao kwa mwenye mashine nyingine. Bibi alipoambiwa hivyo alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri mpaka uzee wake.

Kiangazi hicho aliniambia kwamba jua nalo limekwenda. Alisema kana kwamba anazungumzia mgeni aliyeondoka bila kuaga. Alikuwa amekaa nje, mchana, uso ameuinua, akaniuliza kama kuna mawingu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Mvua za kwanza zilipoanza, baba mdogo alimrudisha fundi. Bila kusema na mtu walivuta waya mpya kutoka kwenye swichi, ukapita juu ya ua ndani ya bomba la plastiki, wakauingiza chumbani. Hawakuweka taa ya kawaida. Waliweka ile taa ndefu nyeupe ya madukani, inayoangaza mpaka chini ya kitanda. Jioni, kabla giza halijashika, baba mdogo alikuja peke yake. Bibi alikuwa kitandani. Yeye alisimama kando ya swichi, akaibonyeza, na chumba kikawa cheupe hata nikayaona mashimo ya mchwa kwenye boriti ambayo sikuwahi kuyajua.

"Mama," alisema. "Sasa?"

Alizima, akawasha. "Na sasa?"

Safari hii hakuwa anacheka. Aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, akimwangalia usoni. Bibi alikuwa ameelekeza uso ukutani. Mwishowe baba mdogo akaniuliza mimi kama ameiona.

"Haoni tena, baba," nilimwambia. "Tangu kiangazi. Hata jua halioni."

Alibaki na kidole kwenye swichi. Mlango ulikuwa wazi, na kumbikumbi, ambao huibuka na mvua hizo, waliifuata taa. Waliingia wengi, wakagonga ile taa, wakaanguka juu ya kitanda, juu ya kanga ya bibi, kwenye nywele zake. Alianza kuwatoa kwa vidole, mmoja mmoja, mbawa zikimbakia mikononi.

"Mjukuu wangu," alisema, "zima hicho kitu. Wadudu wananiingia mdomoni."

Nilipita mbele ya baba mdogo, nikazima.

Bibi hakuishi tena muda mrefu. Alianza kwa kikohozi, watu wakasema ni vumbi la pumba, na hospitali walimpa dawa tukarudi naye. Baba mdogo aliendelea kumwamkia kila asubuhi, hata alipokuwa hawezi tena kunywa uji. Asubuhi ya mwisho pia alimwamkia. Bibi alikuwa macho, na midomo yake ilikuwa ikienda, lakini alikuwa akisali kwa Kipogoro, lugha ya kwao, na hakuikatiza sala yake.

Alikata roho kabla ya saa sita mchana, nimemshika kichwa. Nilimfumba macho, nikamnyoosha, nikaenda barazani. Mashine ilikuwa inanguruma, vumbi limejaa, na baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mizani na mteja. Aliniona nikija. Akainua mkono: subiri. Kwa kelele zile nisingeweza kumwambia kitu bila kumshika bega na kumwambia sikioni, na ningeweza kufanya hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanizuia, basi nikasubiri. Alimaliza gunia lile, akalifunga, akalipima, akalivuta pembeni. Kisha akanisogezea sikio.

Nilimwambia. Alikwenda ukutani akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ilichukua muda kunyamaza, mkanda ukizunguka pole pole zaidi na zaidi, na wateja wote wakageuka kumwangalia kabla hajafungua mdomo.

Tulimzika kando ya kaburi la babu. Baba mdogo alilia sana makaburini, akashikwa na wanaume. Watu walisema alimpenda mama yake. Nadhani walisema kweli, ingawa haikunisaidia kitu.

Arobaini haijaisha, magunia yakaanza kuingia chumba cha uani. Kilikuwa chumba kizuri kwa stoo sasa: kikavu, karibu na mashine, na kina taa kubwa ya kumwona panya. Mke wa baba mdogo aliniambia naweza kulala ukumbini na watoto mpaka nipate pa kwenda. Nilipata kwa rafiki yangu niliyesoma naye, huko Lumemo. Sikuomba kitu isipokuwa kitanda cha bibi, kile cha kamba, na nilijibiwa nikichukue kwa kuwa kinabana nafasi.

Rafiki yangu alikuja na baiskeli. Tulikigeuza miguu juu, tukakifunga kwenye keria kwa mpira, yeye akashika usukani nami nikakishika kwa nyuma kisiyumbe. Tulipita mbele ya baraza. Mpunga wa Mchombe ulikuwa umewasili, foleni imefika barabarani, ikabidi tuwaombe watu njia ili tupite. Baba mdogo alikuwa akikazia macho mizani. Tulipofika kwenye lami kamba za kitanda zilianza kulegea, tukasimama, tukazikaza, tukaendelea.